Njia za baiskeli ya changarawe Třeboň: milima hamna, kazi iko kwenye mchanga

Mkuu, umeuliza kama Třeboň, kule Ucheki ya kusini, panafaa kwa siku tatu za baiskeli ya changarawe (ile ya tairi pana kidogo, ya njia zisizo na lami), na kama ni kweli hakuna milima. Nimeishi pande hizo na huko ndiko ninakokimbilia nikipata wikendi, kwa hiyo vumilia, jibu ni refu. Kwa kifupi, panafaa sana na milima hamna. Ila usipange safari kwa kuhesabu kilomita, panga kwa kuangalia kilichoko chini ya tairi. Njia za kule ni za aina mbili kubwa: za juu ya matuta ya mabwawa na za mchanga ndani ya misitu ya misonobari. Mvua ya jana ndiyo inayoamua leo upite ipi.

Mabwawa yote unayoyaona kwenye ramani yalitengenezwa na watu. Zamani lilikuwa eneo la vinamasi, mabwana wa ukoo wa Rožmberk wakaligeuza kuwa mashamba ya samaki, hasa karpi. Štěpánek Netolický, fundi wao wa mabwawa, ndiye aliyepanga Zlatá stoka, mfereji wa karibu kilomita 48 uliochimbwa kati ya 1506 na 1520. Unachota maji mto Lužnice, unayagawa bwawa moja baada ya jingine, kisha unayarudisha mtoni karibu na Veselí nad Lužnicí. Mfereji wa namna hiyo lazima ushuke polepole mno, la sivyo maji yangekimbia na kula kingo. Wewe mwenye baiskeli unafaidi kazi ile ile: kila palipo na njia kandokando ya mfereji, mwinuko huusikii kabisa. Gia utabadilisha kwa sababu ya upepo tu.

Siku ya kwanza usijichoshe. Zunguka bwawa la Svët, samahani, Svět (simu yangu na herufi za Kicheki hazipatani), ambalo liko mlangoni kabisa mwa mji. Njia imewekwa alama, ni kilomita 12 hivi, na unapita kwenye kaburi la ukoo wa Schwarzenberg lililojengwa miaka ya 1870 katikati ya miti. Ni njia rahisi, na mchana wa Jumamosi imejaa wazee na watoto wa baiskeli za magurudumu matatu. Nenda asubuhi.

Siku ya pili ndiyo yenyewe. Toka mjini kuelekea kaskazini hadi tuta la Rožmberk, kazi ya Jakub Krčín, fundi wa mabwawa wa ukoo ule ule, 1584 hadi 1590. Bwawa lina hekta 490 hivi na tuta lake ni kilomita 2.4. Juu yake kuna miti ya mialoni minene, iliyopandwa ili mizizi ishikilie udongo. Mafuriko ya Agosti 2002 yalipokuja, bwawa lilivimba mara nyingi zaidi ya kawaida yake na tuta likasimama. Ukipita pale mwishoni mwa Septemba au Oktoba punguza mwendo: mbegu za mialoni zinakuwa zimetapakaa njia nzima, na chini ya tairi lililojazwa sana zinateleza kama gololi. Zile zilizopasuka hazina shida. Zile mpya, za kijani, ndizo zinazokuvutia gurudumu la mbele pembeni wakati unashangaa maji.

Kutoka hapo shika upande wa Stará Hlína ukaitafute Nová řeka. Huu ni mto uliochimbwa na Krčín huyo huyo, kama kilomita 13, ili maji ya mafuriko ya Lužnice yaelekezwe mto Nežárka badala ya kuja kulivunja tuta lake. Unapita msituni, mto mkono mmoja na miti mkono mwingine, na mara nyingi husikii kitu zaidi ya cheni yako. Kati ya Nová řeka na mkondo wa zamani wa Lužnice kuna hifadhi ya Stará řeka. Usikatize humo. Eneo zima la Třeboň ni hifadhi ya mandhari tangu 1979, na UNESCO ililiweka kwenye orodha ya hifadhi za biosfia tangu 1977, kwa hiyo vibao vya kuzuia watu vina maana. Sheria ya misitu ya Ucheki, namba 289 ya 1995, inakuruhusu kuendesha kwenye barabara za msitu na njia zilizowekwa alama. Nje ya hapo baiskeli hairuhusiwi, hata ukiona mstari mzuri wa matairi ya mwenzako.

Kurudi, pitia Lomnice nad Lužnicí uone bwawa la Velký Tisý. Ni hifadhi ya ndege, tai wenye mkia mweupe wapo, na ukiwa na darubini ndogo utakaa zaidi ya ulivyopanga. Mwenye nguvu asonge hadi Vlkov, ambako kuna kilima cha mchanga uliorundikwa na upepo wa kale. Kinalindwa, hakiendeshwi, lakini ukikitazama utaelewa unaendesha juu ya nini siku zote hizo.

Sasa mchanga wenyewe, maana hapa ndipo wageni wanapochoka na kulaumu baiskeli. Mto Lužnice umelaza mchanga bonde zima, hadi leo kuna machimbo upande wa Suchdol na Halámky. Kwenye barabara za msitu mchanga unakaa kimya chini ya sindano za misonobari, kisha kwenye kona yenye jua sindano zinakwisha na gurudumu linazama. Ukiuona mbele, shusha gia kabla hujauingia, sogeza uzito nyuma kidogo, legeza mikono, na endelea kukanyaga kwa mwendo ule ule. Usipige kona humo ndani. Angalia katikati ya barabara palipoota nyasi, au ukingo wenye sindano nyingi, huko ardhi imeshikana, gurudumu halizami. Tairi za milimita 45 ndizo ninazopenda, bila tyubu, na kwa mtu wa kilo 75 hivi upepo wa bar 2 (kipimo cha shinikizo) unatosha. Za milimita 35 zitapita pia, ila utakuwa unashuka na kusukuma mara kwa mara.

Na hii ndiyo siri ambayo ramani haikuambii: mchanga uliolowa unashika vizuri kuliko mkavu. Mvua ikinyesha usiku, kesho yake nenda misitu ya kusini, utaendesha humo raha mustarehe. Matuta siku hiyo yaache, maana yale yenye nyasi na udongo yanakuwa utelezi mtupu na maji yako hatua mbili. Kukiwa kukavu wiki nzima, geuza: asubuhi hadi jioni kaa kwenye matuta.

Kusini, yaani siku ya tatu, fuata Zlatá stoka kwenda juu hadi inapoanzia mtoni karibu na Majdalena, halafu Chlum u Třeboně kwenye bwawa la Hejtman, ambalo lina ufukwe wa mchanga wa kuogelea. Mbele kuna Staňkovský rybník, jembamba, kama kilomita sita, linalogusa mpaka wa Austria. Huko ardhi inaanza kupanda na kushuka kidogo na mawe ya matale yanatokeza njiani. Kinamasi cha Červené blato nacho kiko kusini, upande wa pili wa mto, lakini njia yake ni ya mbao na ya miguu tu. Funga baiskeli nje.

Ukichoka, reli ya Veselí hadi České Velenice inapita Třeboň, Majdalena na Suchdol, na treni zinabeba baiskeli. Kutoka Praha unaweza kubadilisha Veselí. Kiangazi weka nafasi ya baiskeli mapema.

Kupe usiwachukulie poa. Ucheki ya kusini ina homa ya ubongo inayoenezwa na kupe, na chanjo yake hutolewa kwa awamu za miezi kadhaa, kwa hiyo anza sasa kama unakuja mwakani. Jioni jikague nyuma ya magoti na kwenye mkanda wa suruali. Mbu watakukagua wenyewe.

Chakula hakisumbui: vipande vya karpi vya kukaanga vinauzwa mjini. Bia ya Regent, kiwanda cha tangu 1379, subiri hadi baiskeli iwe imefungwa.

Ramani tumia Mapy.com, ile iliyokuwa Mapy.cz, ipakue kabla hujaingia msituni. Niambie unakuja mwezi gani na tairi zako zina upana gani, nikuchoree siku ya pili kwa urefu unaokufaa.