Ukigawa Vitu Bure Mtandaoni, Anza na Kasoro

Ninapogawa kitu cha nyumbani kwenye kundi la mtandaoni, sentensi ya kwanza ya tangazo langu hutaja ubovu wake. Kabati lina bawaba iliyolegea, mlango wa kushoto haufungi sawasawa. Feni inazunguka kwa kasi moja tu. Kisha napiga picha ya kasoro yenyewe, kwa karibu, mchana penye mwanga. Anayekuja kuchukua anatoa nauli na muda wake, pengine ameomba gari la mtu. Akifika akakuta kitu ambacho hakikumfaa tangu mwanzo, umemtia hasara.

Ukweli huo pia humleta mtu anayefaa. Kabati la mlango mbovu hukimbiwa na anayetaka kulitumia leo, lakini fundi seremala analifurahia.

Vipo vitu ambavyo hata ukivitaja kasoro usivigawe. Kiti cha gari cha mtoto kilichopata ajali, au ambacho historia yake huijui, kivunje kabisa. Kofia ngumu iliyowahi kugonga chini ni hivyo hivyo, maana ufa wake waweza usionekane. Vitanda vya watoto vyenye ubavu wa kushuka vilipigwa marufuku Marekani mwaka 2011 baada ya vifo vya watoto wachanga. Godoro lenye kunguni usimpelekee mtu. Simu na kompyuta toa tu baada ya kujiondoa kwenye akaunti zako na kufuta kila kitu. Simu nyingi za kisasa zisipoondolewa kwenye akaunti ya mwenyewe hazimfai mwingine.

Sasa, umpe nani? Wengi humpa aliyetangulia kujibu. Mimi sikubaliani na desturi hiyo, kwa sababu inampendelea mwenye simu mkononi saa zote na kumwacha aliye kazini. Makundi ya Buy Nothing, ambamo majirani hugawiana vitu bure, yaliyoanzishwa mwaka 2013 na Rebecca Rockefeller na Liesl Clark katika kisiwa cha Bainbridge, Marekani, yamezoea kumshauri mtoaji aache tangazo likae kidogo kabla ya kuchagua. Nasubiri hadi jioni, kisha natafuta aliyesoma tangazo vizuri na kutaja siku na saa ya kuja. "Bado kipo?" pekee hainiambii chochote. Asiyeahidi saa mara nyingi haji, nawe unabaki na kabati mlangoni.

Anwani mpe uliyemchagua peke yake, kwa ujumbe wa faragha, siku ile ile anayokuja. Ukiishi peke yako, kiweke kitu nje ya mlango au mkutane penye watu. Weka pia mtu wa pili tayari, umwambie wazi kwamba ni wa akiba. Kitu kikishaondoka, andika "kimechukuliwa" saa hiyo hiyo na uwashukuru waliokosa, kwani kuna ambao bado wanangoja jibu lako.