Muulize Mpiga Kinanda: Kwaresima, do ya juu na nauli ya boda

*Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi hupiga kinanda katika parokia moja karibu na Kakamega. Tangu Jumatano ya Majivu, paroko wetu mpya amenikataza kupiga chochote wakati watu hawaimbi. Nikianza kamuziki kidogo baada ya wimbo wa matoleo, ananigeukia na kunitazama. Wanakwaya wanalalamika kwamba Misa imekuwa kama matanga. Hii ni sheria ya Kanisa ama ni yeye tu?*
Kijana wa Kinanda, Kakamega

Milele na milele, kijana wangu. Kwanza kuhusu matanga: huku kwetu magharibi matanga yana kelele kuliko harusi, kwa hiyo wanakwaya wako watafute mfano mwingine.

Ni sheria, na paroko wako ameisoma vizuri. Mwongozo wa Jumla wa Misale ya Kirumi, namba 313, unasema wakati wa Kwaresima kinanda na ala nyingine zipigwe kwa kusaidia uimbaji tu. Wimbo ukianza, unapiga. Ukiisha, unatoa mikono. Hakuna kuchezesha vidole padre akinawa, hakuna kuwasindikiza watu kwa mbwembwe hadi mlangoni. Lakini namba hiyo hiyo imeacha nafasi: Dominika ya nne, ile ambayo padre huvaa rangi ya waridi kama parokia inayo, pamoja na sherehe na sikukuu. Basi tarehe 19 Machi, Mtakatifu Yosefu, na tarehe 25, Kupashwa Habari Bikira Maria, piga bila woga, mradi kalenda haijazihamisha mwaka huo. Utukufu huimbwa siku hizo. Aleluya bado, hata kwaya ikikukonyeza.

Alhamisi Kuu ndiyo inayowachanganya wengi. Utukufu ukianza, kengele zinalia zote, kisha zinanyamaza mpaka Utukufu wa Mkesha wa Pasaka. Hapo katikati kinanda nacho ni cha kushikilia wimbo tu. Nimewahi kusikia Ijumaa Kuu mtu akipiga muziki wa peke yake huku watu wakienda kuubusu Msalaba, tena umetiwa bit ya kutoka ndani ya kinanda. Jamani.

Najua swali linalofuata ni isukuti, maana Kakamega hampandi matatu bila ngoma. Isukuti haikuingia kanisani kwa mlango wa nyuma. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati ya Liturujia ya tarehe 4 Desemba 1963, namba 119, ulitaka muziki wa asili wa watu upewe heshima na nafasi inayostahili. Mwaka 2014 UNESCO nao wakaiweka ngoma ya Waisukha na Waidakho kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Lakini nayo ni ala. Kwaresima itasaidia wimbo, na wimbo ukiisha itanyamaza. Mimi huziacha ngoma stoo mpaka Pasaka. Hiyo ni ladha yangu, si sheria, na mtu asinitaje kwenye mkutano wa kwaya.

Sasa nikwambie faida. Kwaresima ndio wakati ninaojua kama kazi yangu imefanya kazi. Wimbo ukifika ubeti wa tatu ninatoa mikono yote miwili na kuwaacha watu peke yao. Hapo nasikia mambo ambayo kinanda kilikuwa kinayaficha mwaka mzima: sauti ya tatu wanaburuta, sauti ya nne wanashuka kidogo kidogo kila ubeti, na akina mama wa mabenchi ya nyuma wameacha sauti ya kwanza, wameteremka chini kabisa, karibu na wanaume. Hao mama si kwamba hawajui wimbo. Nimewapandishia mno. Ukiyasikia hayo Machi, utajua cha kurekebisha kabla ya Pasaka, kwa hiyo mshukuru paroko wako hata kama hupendi anavyokutazama.

*Sisi ni Waanglikana hapa Kisumu. Ibada ya saa moja asubuhi waumini hawaimbi tena, wanasimama tu kuangalia timu ya sifa. Mchungaji analaumu simu. Kweli ni simu?*
Mama Kwaya, Kondele

Mama, simu zina makosa yake, lakini jibu nimeshaligusa hapo juu. Muulize mpiga kinanda wenu do yake, ile noti ya msingi ya wimbo, iko wapi. Do ikiwa F, na wimbo ukapanda hadi do ya juu, unamdai mzee aliyeamka sasa hivi, hata chai hajanywa, aimbe F ya juu. Atajaribu Jumapili ya kwanza. Ya pili atafungua mdomo bila kutoa sauti. Ya tatu ataangalia timu ya sifa, kwa kuwa hana kingine cha kufanya. Shusheni do iwe D. Kwenye kinanda cha stima ni kitufe tu cha kupandisha na kushusha sauti (transpose), unakiweka kutoa tatu, na vidole vinabaki palepale vilipozoea.

Binti anayeongoza atanung'unika kwamba huko chini sauti yake haing'ai. Ana maiki, itamfikisha. Tena mwombeni aimbe wimbo ulivyo, bila kuupamba kila mstari, maana watu hawawezi kumfuata mtu wasiyejua atakata kona wapi. Na siku moja mwambieni kijana wa mitambo azime spika zote kwenye ubeti wa mwisho, bila kumtangazia mtu. Mtapata jibu la mchungaji palepale.

*Napiga kinanda parokiani, Nakuru. Kila Jumapili natoka Kaptembwo na boda, Misa mbili, na mazoezi Alhamisi na Jumamosi. Nikitaja posho naambiwa namtumikia Mungu. Je, ni dhambi kuomba?*
Mtumishi Aliyechoka

Si dhambi. Fungua Nehemia 13, aya ya 10. Nehemia anarudi Yerusalemu, anakuta Walawi na waimbaji wamelihama hekalu, kila mtu amerudi shambani kwake, kwa sababu hawakupewa sehemu yao. Hakuwahubiria waimbaji juu ya kujitolea. Aliwagombeza wakubwa, akawarudisha waimbaji mahali pao, na zaka ikaletwa ghalani. Soma pia 1 Mambo ya Nyakati 9:33: waimbaji waliachiliwa kazi nyingine kwa kuwa zamu yao ilikuwa usiku na mchana.

Ila usiombe mlangoni baada ya Misa, padre akiwa anasalimia watu na wewe una njaa. Andika barua kwa baraza la parokia, na uanze na nauli. Nauli haina ubishi: mweka hazina anajua boda inatoza ngapi kutoka Kaptembwo, na hakuna anayeweza kusema mwendesha boda naye anamtumikia Mungu bure. Posho ije baadaye, wakishazoea kuliona jina lako kwenye bajeti.

Harusi ni jambo lingine kabisa. Hiyo wanalipa maharusi, na bei waambie kabla kadi hazijachapishwa. Taja na ya kuchelewa, kwa sababu harusi ya saa nne hapo Nakuru huanza saa saba.