Kabla hujatuma mchango wa maafa, uliza utafanya kazi gani

Kila yanapotokea maafa, ndugu na marafiki hunipigia wakiuliza watume wapi mchango wao. Mimi ni mtu wa Bukoba, na tangu tetemeko la mwaka 2016 nimekuwa nikikusanya michango ya ukoo na ya watu niliosoma nao. Anayeniuliza namuuliza kwanza: unataka pesa yako ifanye kazi gani? Akishanijibu hilo, kujua pa kutuma huwa si kazi ngumu tena.

Hili nilijifunza nyumbani. Tetemeko lilipiga Jumamosi alasiri, Septemba 10, ukubwa wa 5.9. Watu walikufa, nyumba zikalala chini kata ya Hamugembe, hapo Bukoba, na kwingineko, na mvua za vuli zilikuwa zinakaribia. Michango ikamiminika kutoka kwa wananchi, kampuni na balozi. Wengi niliozungumza nao waliamini kila shilingi itakuwa bati na saruji kwa waliobomokewa. Januari 2017 Rais Magufuli alipokuja Kagera alisema wazi kwamba Serikali haitamjengea kila mtu nyumba, na kwamba misaada itaelekezwa kwenye miundombinu ya umma. Watu waliumia sana. Mimi mwenyewe nina shangazi ambaye kuta zake zilipasuka, kwa hiyo maumivu hayo nayajua. Lakini Shule ya Sekondari Ihungo nayo ilikuwa imebomoka, na shule ile ilibidi ijengwe upya. Zote ni kazi za haki. Tatizo ni kwamba aliyechanga huku moyoni anamfikiria bibi mmoja wa Hamugembe alikuwa ametuma kwenye mfuko wenye kazi nyingine.

Kwa hiyo ninavyoshauri ni hivi. Ukitaka shule na zahanati zisimame tena, changia mfuko rasmi wa Serikali. Ukitaka maturubai, mablanketi na maji ya kunywa yafike wiki hiyohiyo, tuma kwa Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kwa sababu kina watu wa kujitolea mikoani kabla maafa hayajatokea. Hawaanzi kutafuta njia siku ya tatu. Ukitaka nyumba ya mtu fulani iezekwe, pitia parokia, msikiti au ndugu unayemwamini aliyepo palepale, na umwombe ampelekee fundi na vifaa.

Kuhusu matapeli, nitakuwa mfupi. Mwezi uleule wa tetemeko, watendaji wawili wa Serikali mkoani Kagera walitenguliwa kwa tuhuma za kufungua akaunti nyingine yenye jina linalofanana na ile rasmi ya maafa. Jina zuri la akaunti, basi, halitoshi. Chukua namba kwenye tangazo la ofisi husika lenyewe, usichukue kwenye picha inayozunguka WhatsApp. Ukituma kwa simu, soma jina linalotokea kabla ya kuweka namba ya siri. Umeambiwa ni shirika na limetokea jina la mtu binafsi? Acha kwanza, piga simu uulize.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni wakati. Desemba 3, 2023, sehemu ya Mlima Hanang, mkoani Manyara, iliporomoka baada ya mvua kubwa, na tope, mawe na magogo yakashuka hadi Katesh na vijiji vya jirani. Zaidi ya watu 80 walipoteza maisha. Wiki ya kwanza nchi nzima ilikuwa Hanang: malori, kamera, viongozi. Kwenye kundi letu kulikuwa na hamu kubwa ya kukusanya nguo, na nilizipinga. Nguo zinahitaji gari, dereva, mtu wa kuzichambua na mahali pa kuzihifadhi, na nyingi huwa hazimfai aliyepo. Pesa inanunua sufuria na blanketi kwenye maduka ya Katesh au Babati, na mwenye duka ambaye naye kapata hasara anauza.

Halafu Januari ikafika, shule zikafunguliwa, na simu za kuuliza zilikuwa zimekoma. Ndipo mtoto anapohitaji sare na madaftari. Baadaye mkulima anahitaji mbegu, na shamba lake limefunikwa na tope. Nyumba mpya za waathirika huko Waret zilichukua miezi mingi kukamilika, na muda wote huo familia zilikuwa zinaishi, zinakula, zinalipa kodi kwingine au zinabanana kwa ndugu.

Ndiyo maana mchango wetu siku hizi tunaugawa. Nusu inaondoka siku za mwanzo. Nusu nyingine inakaa kwa mwekahazina miezi mitatu, kisha tunampigia mtu wa kule na kuuliza kinachokosekana sasa. Wapo wanaonung'unika kwamba tunakalia pesa ya wenye shida, na nawaelewa, kwa hiyo tarehe ya kuitoa tunaitangaza siku ileile ya kuchangisha na salio linawekwa kwenye kundi kila mwezi. Kwa Hanang nusu ya pili ilikwenda kwenye sare na viatu vya shule. Tulimlipa fundi cherehani wa hukohuko, mwalimu akatuletea orodha ya vipimo, na risiti zote zikapigwa picha.