Msimbo wa kanisa uko Dodoma

SWALI: Usharika wetu una Gmail, chaneli ya YouTube na ukurasa wa Facebook. Tuliwasha uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nenosiri kisha msimbo, ila meseji ya msimbo huingia kwenye simu ya kijana wa media aliyehamia Dodoma. Tunampigia atusomee. Jumapili iliyopita hakupatikana, ibada haikurushwa. Tuuzime tu?
Katibu wa usharika, Iringa

JIBU: Msiuzime, Ndugu Katibu. Kufuli ni zima. Mmekosea kumwachia mtu mmoja ufunguo. Tena acheni leo hii kusomeana misimbo kwenye simu. Tapeli naye husema hivyohivyo, “nisomee namba iliyoingia,” na aliyezoea kusoma atamsomea.

Mpigieni kijana kwa mara ya mwisho, siku isiyo ya ibada, muingie myaccount.google.com, sehemu ya usalama. Ongezeni njia mpya kabla ya kufuta namba yake. Wengi huanza na kufuta, wakajifungia nje. Chagueni programu ya kuzalisha misimbo, mfano Google Authenticator. Ule mraba wa QR ukitokea, skanini kwa simu mbili, ya katibu na ya mhazini, kabla hamjabonyeza kuendelea. Zote zitatoa tarakimu 6 zilezile, zinazobadilika kila sekunde 30, bila bando wala mtandao. Msimbo ukikataliwa, kwanza tazameni saa ya simu: msimbo hukokotolewa kwa saa, kwa hiyo saa iliyorekebishwa kwa mkono huuharibu. Rudisheni iwe ya kujirekebisha yenyewe.

Kisha chapisheni misimbo ya akiba, ya kuingilia simu zikikosekana. Iko 10, kila mmoja tarakimu 8, na hutumika mara moja tu. Bahasha iliyofungwa, sefu ya usharika. Si picha kwenye grupu la wazee wa kanisa! Mkizalisha mipya, ya zamani inakufa, basi ichaneni.

Sasa ndipo mfute namba ya kijana. Mfute pia pale pa kurejeshea akaunti, simu na barua pepe, maana hapo ndipo pasipokumbukwa, na kwa njia hiyo mtu anaweza kurudi. Badilisheni nenosiri, mtoe vifaa msivyovitambua.

Vijana wa media hawahitaji nenosiri la Gmail hata kidogo. Ndani ya YouTube Studio, yaani sehemu ya kusimamia chaneli, kwenye mipangilio ya ruhusa, mwalikeni kila mmoja kwa barua pepe yake kama mhariri: atapakia video na kurusha ibada, lakini hawezi kuongeza watu wala kufuta chaneli. Ukurasa wa Facebook hauna nenosiri lake. Unafunguliwa kwa akaunti binafsi za wasimamizi. Wawekeni wawili wenye mamlaka kamili, wote wawe wamewasha hatua mbili. Akidukuliwa mmoja tu, ukurasa umekwenda.

SWALI: Na WhatsApp ya ofisi? Laini imesajiliwa kwa jina la mchungaji aliyestaafu.

JIBU: Hiyo ni hatari zaidi, kwa sababu mwenye laini ndiye mwenye akaunti. Laini isipotumika muda mrefu, kampuni huweza kumpa mtu mwingine namba hiyo. Badilisheni umiliki dukani kwa kampuni ya simu, mchungaji akiwepo na kitambulisho cha NIDA. Wakati mkisubiri, fungueni mipangilio ya WhatsApp, akaunti, hatua mbili, muweke PIN ya tarakimu 6 na barua pepe ya usharika ya kuirejesha.