Maswali ya wasomaji: Coaster ya abiria kuwa nyumba ya safari

Barua za safari hii karibu zote zinahusu jambo moja: familia inayotaka kununua basi dogo lililochoka, kung'oa viti, kuweka vitanda na jiko, kisha kuzunguka nalo wakati wa likizo za shule. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa na wengine.

Nimeoneshwa Coaster mbili, zote zilikuwa daladala. Moja imepigwa rangi mpya na injini imefanyiwa ovahoo. Nyingine imechakaa kwa nje, haijaguswa. Bei zinakaribiana. Nichukue ipi? (Mwanza)

Ile iliyochakaa inastahili kukaguliwa kwanza, maana haifichi kitu. Rangi mpya kwenye daladala kuukuu mara nyingi imefunika bati lililooza na kujazwa puti. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, uipitishe chini ya madirisha, nyuma ya matairi ya nyuma, kwenye ngazi za mlango na kwenye pembe za fremu ya kioo cha mbele. Isiponata, hapo pana puti. Kisha lala chini ya gari na bisibisi, uchome mihimili inayobeba sakafu. Kutu ya juu juu inasafishika. Mhimili unaotobolewa na bisibisi maana yake ni kuchomelea upya, na kazi ya namna hiyo ikianza hujui itaishia wapi.

Injini ni rahisi kurekebisha kuliko bodi, kwa hiyo isikutishe wala isikupumbaze. Ikiwa ni 1HZ, ile ya silinda sita na lita 4.2, una bahati: pampu yake ya dizeli haina kompyuta, na ndiyo injini iliyomo kwenye Land Cruiser nyingi za watalii, hivyo spea na mafundi wapo hadi miji midogo. Iwashwe ikiwa ya baridi kabisa. Ukikuta wameshaipasha moto kabla hujafika, rudi kesho. Ikishachemka, fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inanguruma: moshi unaopuliza kwa nguvu ni dalili ya ringi zilizokwisha. Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na kwa kuwa mita ya daladala haiaminiki, ubadilishe mara tu unaponunua. Neno "ovahoo" bila risiti za spea ni neno tu.

Nimeng'oa viti vyote. Sakafu imebaki na matundu mengi na kutu hapa na pale. Seremala anasema tutandike mbao juu, itaisha hiyo. (Morogoro)

Haitaisha, itaendelea gizani. Maji ya barabarani hurushwa na matairi hadi kwenye kila tundu la boliti, mbao huyanyonya, na bati linabaki limelowa mwaka mzima.

Ng'oa kila kitu hadi bati lenyewe. Kutu isuguliwe kwa grenda yenye brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Pale brashi isipofika, paka dawa ya kugeuza kutu uiache usiku kucha. Bati lililooza likatwe hadi kwenye chuma kizima, kisha kiraka kichomelewe pande zote, siyo nukta nukta. Matundu ya boliti yazibwe kwa vipande vya bati. Halafu primer ya kuzuia kutu mikono miwili, na chini ya gari lami ya magari.

Kuhusu kuziba viungo: silikoni ya dukani yenye harufu kali ya siki usiiguse. Harufu hiyo ni ya asidi inayotoka inapokauka, na asidi hiyo hula chuma kisicho na rangi. Tumia gundi ya poliyurethani, ile ambayo mafundi wa vioo vya magari wanabandikia kioo cha mbele.

Kabla ya mbao, mwagia paa maji kwa mpira kwa nusu saa huku mtu yuko ndani na tochi. Kila tone linaloonekana leo ni kabati moja umeliokoa. Baada ya hapo plaiwudi ya marini ya mm 12 inatosha, na kingo zake zote zipakwe vanishi kabla ya kulazwa, maana plaiwudi hunywa maji kupitia kingo.

Gari langu ni la volti 24, lakini friji, feni na taa nilizonunua ni za volti 12. Fundi umeme anataka kuchukua 12 kutoka betri moja kati ya zile mbili. Anasema ndivyo redio za daladala zinavyofungwa. (Arusha)

Ndivyo zinavyofungwa, na ndiyo sababu betri za daladala nyingi hufa moja moja. Betri mbili zilizoungwa mfululizo huchajiwa kwa pamoja kwa volti 28 hivi. Altaneta haijui kwamba moja imekamuliwa. Ile iliyochoka inabaki na volti 12.6, hivyo mwenzake inabebeshwa 15.4 na kuchemka hadi maji yakauke. Redio inakula kidogo, uharibifu unachukua miezi. Friji inayokimbia usiku kucha itamaliza kazi hiyo ndani ya wiki chache.

Njia sahihi ni betri ya nyumba inayojitegemea, ya volti 12, ambayo haiungani na betri za kuwashia gari isipokuwa kupitia chaja ya kushusha kutoka 24 kwenda 12. Ya ampea 20 inatosha: safari ya saa tatu inarudisha kama ampea-saa 60. Iwe chaja halisi yenye hatua za kuchaji na inayojizima injini ikizimwa. Kile kibadilishi cha bei rahisi cha redio hakifai.

Sasa ukubwa. Piga hesabu kabla ya kwenda dukani. Friji ya kompresa ya wati 45 ikifanya kazi nusu ya siku inakula wati-saa 540. Feni mbili za wati 15 kwa saa nane ni 240. Taa sita za LED za wati 3 kwa saa nne ni 72. Weka 100 kwa simu na pampu ya maji. Jumla ni kama 950 kwa siku. Paneli mbili za wati 200 zilizolala juu ya paa, kwa saa nne na nusu za jua zuri na ukitoa robo inayopotea, zinaleta kama 1,350. Betri ya lithiamu (LiFePO4) ya ampea-saa 100 inabeba 1,280, ambayo ni siku moja. Ukitaka kuvuka siku mbili za mawingu, chukua 200. Ukienda na betri za asidi, kumbuka nusu yake tu ndiyo ya kutumia, na kila moja ya ampea-saa 100 ina uzito wa kilo 28 hivi. Kidhibiti cha sola kiwe MPPT, aina inayokamua umeme mwingi zaidi kwenye paneli, cha ampea 40.

Kosa la pili la mafundi ni waya mwembamba. Friji iliyo mita 6 kutoka kwenye betri ina mita 12 za waya, kwenda na kurudi. Ikivuta ampea 5 kupitia waya wa mm² 1.5, volti 0.7 zinapotelea njiani. Betri ikishuka kidogo tu alfajiri, friji inajizima yenyewe na wewe unalaumu friji. Waya wa mm² 6 unapoteza chini ya volti 0.2.

Fyuzi iwe karibu na betri, ndani ya sentimita 20, kwa sababu kazi yake ni kulinda waya. Waya ukichubuka kabla ya kufika kwenye fyuzi, hakuna cha kuuzuia usiwake moto. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa nyumbani, ikiwa ya wati 1,000 huvuta zaidi ya ampea 90: waya wa mm² 35, fyuzi ya 125, na umbali usizidi mita moja. Kama huna kifaa kinachoihitaji kila siku, usiifunge.

Joto la Mombasa mchana ndani ya basi halivumiliki, na alfajiri bati linatoka jasho. Tubandike magodoro ya sponji kwenye kuta?

Hapana. Sponji ya godoro inanyonya. Watu wanne waliolala hutoa karibu lita moja ya maji kwa pumzi na jasho hadi asubuhi. Yakikutana na bati la baridi yanageuka matone, sponji inayashika, na kutu inaanza upande usiouona.

Tumia povu lisilonyonya maji, la mm 20 hadi 25, libandikwe kwenye bati bila kuacha mwanya, pamoja na juu ya mbavu za chuma za paa. Lile karatasi la fedha linalouzwa kama kinga ya joto linafanya kazi tu likiwa na nafasi ya hewa mbele yake; ukilibana kati ya bati na plaiwudi limekuwa karatasi. Lakini kabla ya povu lolote, paka paa rangi nyeupe. Hakuna kazi rahisi kuliko hiyo yenye faida kubwa hivyo. Kisha feni ya paa inayotoa hewa nje upande mmoja, na dirisha la chini lenye wavu wa mbu upande mwingine, likiwa wazi kidogo hata usiku wa mvua.

Nina tangi la lita 300. Naweza kuliweka kwenye keria? Maji yatashuka yenyewe bila pampu. (Iringa)

Hizo ni kilo 300 kwenye kimo cha karibu mita 2.7, zinazocheza kila unapokata kona. Kwenye kona za mlima Kitonga hutaki kitu kama hicho kichwani.

Coaster ya viti 29 ilitengenezwa kubeba watu 29, na Wajapani huhesabu kilo 55 kwa kila mmoja: takriban kilo 1,600, zikiwa zimesambaa chini kwenye sakafu. Bajeti yako yote ya vitanda, maji, betri, gesi, nguo na familia iko humo, ukiongeza uzito wa viti ulivyong'oa. Lipime gari kwenye mizani likiwa tupu, kisha likiwa limekamilika, ekseli moja moja. Watu wengi hushangazwa na ekseli ya nyuma.

Familia ya watu wanne wanaooga kwa nidhamu hutumia lita 50 hadi 60 kwa siku. Tangi jeusi la lita 120, ndani, mbele kidogo ya ekseli ya nyuma, lifungwe kwa mikanda ya chuma iliyobana kwenye mihimili. Tangi jeupe huota ukijani. Lipe bomba la kupumua, la sivyo pampu itakuwa inashindana na utupu. Mabomba magumu ya nyumbani hupasuka kwenye viungo kwa mtikisiko. Tumia mpira wa maji ya kunywa na klipu. Maji ya kunywa yakae kwenye dumu lake.

Watoto wetu watatu watakaa kwenye makochi ya pembeni tunaposafiri. Tuwafungie mikanda ya aina gani? (Nairobi)

Hakuna mkanda utakaofanya kochi la plaiwudi kuwa kiti cha safari. Gari likigonga, mtoto aliyekaa ubavu anapinda kiuno na shingo upande, na skrubu za mbao zinang'oka pamoja naye. Bakizeni safu mbili za mbele za viti vya asili, palepale zilipofungwa kiwandani. Mkanda mpya wowote uungwe kwenye mhimili, au upitie bamba la chuma la mm 6 chini ya sakafu kwa boliti za inchi 7/16 za mikanda ya usalama. Bati la sakafu peke yake huchanika kama karatasi.

Nyuma ya hapo jengeni mnavyotaka. Upana wa ndani baada ya povu na plaiwudi hubaki kama mita 1.8, kwa hiyo kitanda kinachokingama upana wa gari kinamfaa mtu wa kimo cha wastani. Vya watoto vya juu na chini viwe sm 65 kwa 170, na nafasi ya sm 60 kichwani. Msizibe mlango wa dharura kwa kitanda, kosa tunaloliona kwenye karibu kila picha tunayotumiwa. Na seremala akija na MDF (bodi ya unga wa mbao) ya mm 18, mrudisheni: bodi moja ni karibu kilo 40 na huvimba ikilowa. Plaiwudi ya mm 9 kwenye fremu nyepesi ina uzito usiofika nusu ya huo.

Kwa ufupi

*Gesi ndani ya gari ni salama? (Dodoma)* Mtungi wa kilo 6 ndani ya sanduku lililozibwa kabisa upande wa ndani, lenye mlango wa nje na tundu la kutoa hewa chini kabisa, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na hutulia sakafuni. Kila kiungo kipimwe kwa povu la sabuni. Jiko la mkaa lisiingie ndani hata likiwa linakaribia kuzima. Moshi wake usioonekana umeua watu wengi waliolala.

*Vumbi linaingia nyuma hata madirisha yakiwa yamefungwa. (Singida)* Gari linapokimbia hunyonya hewa nyuma yake. Funga ya nyuma yote, badilisha raba za mlango wa nyuma, kisha fungua kidirisha cha paa cha mbele kielekee mbele. Hewa ikijaa ndani, vumbi halipati pa kupenya.

*Matairi yana kashata (meno) nzima, niyaache? (Tanga)* Soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni mwa tairi: 2316 ni wiki ya 23 ya mwaka 2016. Gari la likizo huzeesha matairi kabla hayajalika. Nyufa zikionekana pembeni, yabadilishe, likiwemo la akiba.

*Karatasi? (wengi)* Tanzania, leseni ya biashara ya abiria ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) irudishwe, na kadi ya gari ibadilishwe TRA (mamlaka ya mapato) ili namba nyeupe iwe ya njano. Kenya, badiliko la bodi na matumizi hupitia ukaguzi wa NTSA (mamlaka ya usafiri na usalama barabarani), na ule mstari wa njano wa matatu ufutwe kabla hujalipeleka. Bima ieleze matumizi mapya, na anayevuka mpaka achukue Kadi ya Njano ya COMESA kwa kampuni yake ya bima kabla ya kuondoka.