Usukani au padi? Niliyojifunza kwa mikono na miguu yangu kwenye gemu za magari

Kila nikikaa na watu wa gemu za magari swali ni lile lile, ninunue usukani au nibaki na padi, kile kidude cha vitufe cha kushika kwa mikono miwili? Na majibu mengi yanakuja haraka haraka, nunua usukani bana ndo utakuwa na spidi. Mi nimeendesha na vyote viwili kwa miaka mingi na kuna kitu natamani mtu angeniambia siku ile nafungua boksi: usukani unakupa habari, spidi unaitafuta mwenyewe. Tairi ya mbele ikitaka kuachia, mikono inajua mapema. Spidi inakuja baadae sana, tena kwangu mimi ilikuja kupitia mguu wa breki kuliko hata mikono.

Nilianza na PlayStation 2. Vitufe vya padi ile vilikuwa vinapima nguvu ya kidole, yaani X ukiibonyeza kidogo gari inavuta kidogo, ukiikandamiza inavuta yote, na Gran Turismo 3 ya 2001 ilikuwa inaitumia hiyo kitu vizuri kabisa. Kidole gumba kilikuwa kinauma baada ya mbio ndefu lakini pale ndo nilijifunza kwamba mafuta sio swichi ya taa. Baadae padi zikaja na triga za kuvuta kwa kidole cha shahada, R2 mafuta L2 breki, maisha yakawa marahisi, na kwa kweli mtu akiniambia leo padi ni ya watoto namkatalia. Kuna watu wana padi na wanakuacha kwenye kona ya kwanza tu huwaoni tena.

Ila elewa padi inafanyaje kazi. Kidole gumba kinaweza kupeleka stiki kutoka kushoto mpaka kulia kwa kufumba na kufumbua, wakati usukani wa gari ya kawaida kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine unazunguka kama mara mbili na nusu hivi au zaidi, mikono inabidi ipishane. Kama gemu ingechukua kidole chako kilivyo gari ingepinduka kila kona. Kwaiyo gemu inakaa katikati yako na tairi, inapunguza kasi ya kukunja, na spidi ikiwa kubwa inapunguza hata kiasi cha kukunja. Jaribu hivi: weka kamera ya ndani ya gari, kimbia kwenye barabara iliyonyooka, sukuma stiki ghafla mpaka mwisho halafu angalia mikono ya dereva. Inakunja taratibu, haikimbizani na kidole chako, na kwenye gemu nyingi haifiki mwisho kabisa. Huyo ni msaidizi wako, na kwenye gemu nyingi yupo hata kama umezima misaada yote kwenye menyu.

Ukishalijua hilo unaacha kupigana na padi. Mi nilikuwa nasukuma stiki mpaka mwisho kila kona halafu nalalamika gari haigeuki, kumbe tairi ya mbele imeshazidiwa, nikizidi kukunja ndo inateleza zaidi. Sasa hivi nashika stiki kwa ncha ya kidole, naisogeza robo, nasikilizia, naongeza. Na ingia kwenye setingi. Dedizoni, ile sehemu ya katikati ambayo stiki ikisogea gemu haijali, ishushe mpaka ukaribie ile hali ya gari kuanza kwenda upande yenyewe, halafu rudisha kidogo. Kama gemu yako ina setingi ya mwitikio wa stiki, kama ile gama ya Assetto Corsa, ipandishe kidogo ili katikati pawe palaini, maana kwenye barabara iliyonyooka unahitaji marekebisho madogo madogo sana na kidole gumba hakina subira hiyo. Stiki ikianza kuzeeka na kuvuta upande yenyewe hakuna setingi itakayoiponya, tafuta padi yenye stiki za sumaku, hazina vile visehemu vya kusuguana vinavyolika.

Kuhusu kuhisi, padi za siku hizi zimepiga hatua kubwa. Padi ya Xbox One ya 2013 ilikuja na mota ndogo ndani ya triga zenyewe, breki ikifunga unaisikia kwenye kidole kile kile kilichobonyeza breki. DualSense ya 2020 ikaenda mbele zaidi, triga yenyewe inakaza na kulegea, na kwenye Gran Turismo 7 ukikanyaga breki mpaka ABS, ule mfumo unaozuia tairi kufunga, ianze kufanya kazi L2 inapigapiga kidole chako kama pedali ya gari ya kweli. Hiyo nilipoihisi mara ya kwanza nilirudia kona ile ile kama mara kumi nikiwa nabonyeza tu mpaka inapoanza kupiga, naachia kidogo, naendelea. Nilijifunza kufunga breki kwa kidole siku ile kuliko miaka yote ya nyuma.

Kitu ambacho padi haikupi ni uzito na upande. Mtetemo unakwambia kuna jambo, haukwambii gari inavutwa kulia au kushoto, na mara nyingi ukishausikia gari imeshateleza tayari, wewe unakuja kuokoa.

Usukani ni hadithi nyingine. Ndani kuna mota inayosukuma mikono yako kwa mujibu wa kinachotokea kwenye tairi za mbele, watu wanaita fosi fidibaki. Kwenye gari ya kweli tairi ya mbele ikiwa kwenye kona inataka kujinyoosha yenyewe, ndo ule uzito unaousikia. Na siri iko hapa: huo uzito unafika kileleni na kuanza kushuka kabla tairi haijafika mwisho wa uwezo wake wa kushika barabara. Yaani unakunja, usukani unakuwa mzito, mzito, halafu ghafla unahisi umelegea kidogo kama mtu ameachia kamba upande wa pili. Pale tairi bado imeshika lakini inakuaga. Ukiacha kuongeza kona hapo hapo unapita salama, ukiongeza unaenda kwenye nyasi. Taarifa hiyo kwenye padi hakuna, macho ndo yanafanya kazi hiyo na macho yanachelewa.

Mfano mzuri ni ile kona ya Karussell pale Nordschleife, saketi ya Ujerumani yenye kilomita 20.8. Ni kona ndefu ya kushoto na sehemu ya ndani ina mabamba ya zege yaliyoinama kama bakuli. Kwa padi nilikuwa naipita kama kona nyingine, mtetemo mwingi basi. Kwa usukani mara ya kwanza nilishtuka: gari inadumbukia kwenye bakuli, usukani unakuwa mzito sana mara moja, halafu kila kiungo cha zege kinapiga kwenye viganja, tak tak tak tak, mikono ya mbele inachoka, na unapotoka juu usukani unakuwa mwepesi kwa sekunde hivi kwa sababu uzito wa gari umeondoka kwenye tairi za mbele. Kama bado umekunja vilevile wakati huo, tairi zikishika tena gari inaruka kwenda upande. Nilizungusha gari pale mara nyingi sana mpaka mikono ikajifunza kunyoosha kabla.

Sasa ukweli wa wiki ya kwanza, na hapa ndo watu wengi wanauza usukani wao. Nilikuwa naendesha gari za GT3 (daraja la gari za mbio, sio ile Gran Turismo 3) pale Monza, saketi ya Italia, kwenye Assetto Corsa Competizione, na padi nilikuwa kwenye dakika 1 na sekunde 51 kwa mzunguko, siku ya kwanza ya usukani nikawa 1:55. Sekunde nne nzima! Nilikasirika kwa kweli, nikakunja kila kitu nikaweka pembeni siku tatu. Tatizo nililifikiria ni mikono, kumbe ni breki. Ile kona ya kwanza ya Monza unakuja na spidi kubwa mno na inabidi uingie kwenye kona ya kubana ya kulia halafu kushoto, kwa hiyo breki unaikanyaga kwa nguvu mwanzoni halafu unaiachia taratibu wakati unaanza kukunja. Kwa kidole nilishajua. Kwa mguu nilikuwa nakanyaga yote au naachia yote, na pedali ya breki ya seti yangu ya kwanza ilikuwa laini toka juu mpaka chini, mguu haujui uko asilimia ngapi. Nilichofanya nikakata kipande cha mpira mgumu nikakiweka nyuma ya pedali ili mwisho wa safari iwe ngumu, basi. Wiki mbili baadae nilikuwa 1:50 na kitu na nilikuwa sijagusa setingi nyingine yoyote.

Sababu ni kwamba mguu unakumbuka nguvu kuliko unavyokumbuka umbali. Ndo maana kuna pedali za lodiseli ambazo zinapima umekanyaga kwa nguvu kiasi gani badala ya pedali imeshuka kiasi gani, na ukiniuliza hela ikipatikana uanze kuboresha nini mi nakwambia breki, hata kabla ya usukani wenyewe.

Lakini hiyo breki ngumu inataka kiti. Kiti cha ofisi chenye magurudumu ukikanyaga breki kwa nguvu kinarudi nyuma, na pedali zinateleza kwenda mbele. Mi nilifunga mkanda kutoka kwenye bamba la pedali mpaka mguu wa kiti, na magurudumu nikayaingiza kila moja kwenye kiatu cha zamani, kiti kikatulia. Meza nayo ikiwa nyepesi inatikisika na ile tikisika inakula ule ujumbe wote unaoutafuta kwenye usukani. Kwaiyo kabla hujanunua chochote kaa pale utakapochezea, nyoosha mguu, uliza utakanyaga dhidi ya nini. Kama usukani utakuwa wa kutoa kwenye kabati na kurudisha kila siku, ntakwambia ukweli, baada ya mwezi utabaki kwenye kabati na padi itakuwa mkononi.

Nguvu ya mota nayo inachanganya watu. Logitech G29 na G923 zinatumia gia, nguvu yake ni kama Nm 2 hivi (Nm ni kipimo cha nguvu ya kuzungusha), zina kelele kidogo za meno lakini zinafundisha vizuri tu. Thrustmaster T300RS inatumia mkanda, laini zaidi, kimya zaidi. Halafu kuna dairekti draivu ambapo usukani umefungwa moja kwa moja kwenye mota, Fanatec CSL DD ya 2021 inatoa Nm 5. Tofauti niliyoihisi nilipohamia dairekti draivu ni vitu vidogo, ule ulegevu wa tairi kabla haijaachia unausikia wazi, sio kama tetesi tena. Ila chochote ulichonacho usiweke nguvu mpaka mwisho. Mota ikishatoa yote iliyonayo haina cha kuongeza, kona ya kawaida na kona ya kufa na kupona zinakuwa na uzito mmoja, ukingo wa barabara unapotea kabisa. Assetto Corsa ina kile kibao kinachogeuka chekundu ukifika hapo, punguza mpaka kiguse nyekundu kwenye kona nzito tu. Mi nilipunguza nguvu nikaanza kuhisi zaidi.

Na nyuzi za kuzunguka, yaani usukani unazunguka kiasi gani toka mwisho mpaka mwisho. Usukani nyingi zinafika nyuzi 900, kwa lori kwenye Euro Truck Simulator 2 acha hivohivo, kupaki trela kwa mikono inayopishana ni raha ambayo padi haiwezi kukupa hata siku moja. Usukani wa gari za Formula 1 unazunguka kidogo tu, karibu na 360, kwaiyo punguza, vinginevyo kwenye kona za kubana unakunja mpaka unachoka.

Gemu gani kwa kipi? Forza Horizon 5 mi nacheza kwa padi bila hata kuwaza, ni gemu ya kurukaruka porini na kugeuza gari ghafla, na usukani inachosha. Gran Turismo 7 chochote. Gemu za F1 padi inatosha kabisa. Assetto Corsa Competizione na gemu za rali kama DiRT Rally, usukani unabadilisha gemu yenyewe. iRacing sikushauri padi. Na angalia mashine yako kabla ya kutoa hela, G29 ni ya PlayStation na kompyuta, G920 ni ya Xbox na kompyuta, ukikosea haitaingia hata ukiomba.

Ukinunua, anza na Mazda MX-5 au gari yoyote nyepesi inayosukumwa na tairi za nyuma, zima msaada wa kuzuia kuteleza, na mkia ukitoka usiushike usukani kwa nguvu, ulegeze upite viganjani, mota yenyewe inaupeleka upande unaotakiwa halafu wewe unaudaka. Mi ilinichukua jioni nne. Na kama ni dairekti draivu, vidole gumba viwe juu ya mduara, visiingie ndani kwenye mikono ya usukani, na ukiona ukuta unakuja na huna namna tena achia kabisa, kidole changu cha kulia kilivimba wiki nzima ndo nikajua.