Taa za hema la mwisho kufifia: tatizo ni volti kupotea njiani

Ndugu, umesema mnataka mahema yote ya mkesha yatumie betri za pamoja za volti 12, lakini hema lililo mita 40 kutoka kwenye betri taa zake zinafifia. Betri zenu huenda ni nzima kabisa. Umeme unapotea kwenye waya.

Piga hesabu. Taa za wati 60 kwa volti 12 zinavuta ampea 5. Waya wa shaba wa milimita 2.5 za mraba, kwenda na kurudi mita 80, una ukinzani (jinsi waya unavyozuia umeme kupita) wa karibu omu 0.56. Unapoteza volti 2.8, kule zinafika 9 na kidogo! Mzigo huohuo kwa volti 48 unavuta ampea 1.25, unapoteza volti 0.7 tu.

Kwa hiyo ungeni betri nne mfululizo (chanya ya moja kwenye hasi ya inayofuata) mpate volti 48, kisha kila hema liwe na kifaa chake cha kushusha hadi 12. Kinunuliwe kinachohimili angalau volti 60, maana betri zikiwa zinachajiwa volti zake hupanda. Betri ziwe za aina moja, ukubwa mmoja na umri mmoja. Msichanganye za risasi na lithiamu.

Fyuzi nawasihi msiiruke: moja karibu kabisa na chanya ya betri, na nyingine kwa kila laini, zote za umeme wa DC (umeme wa mkondo mmoja, kama wa betri). Volti ni ndogo, ndiyo, lakini betri ikipigwa shoti inayeyusha waya na kuwasha turubai, na ndani wamelala watoto.